Ruta Niliyoikwangua Mwenyewe

Jumapili, 2 Machi

Kikao cha familia, baada ya chai. Ajenda moja tu: mtandao wa nyumbani.

Binti yangu, mkunga, ameitwa kwenye usaili. Si usaili wa kwenda kukaa kwenye benchi na bahasha mkononi. Huu ni wa kwenye kompyuta. Wakubwa watano watakaa mji mwingine, yeye atakaa chumbani kwake, wataonana kwenye kioo. Jumamosi saa nne kamili asubuhi. Akipita atakuwa msimamizi wa wodi nzima ya wazazi. Ameiomba nafasi hiyo mara tatu. Mara mbili hawakumjibu hata kwa barua.

Sasa mtandao wetu ni kama kikohozi, unakuja, unakatika. Ruta, yaani kile kijisanduku kinachorusha mtandao nyumba nzima, imechoka. Chumba cha binti kiko mwisho wa korido, na katikati pana kuta mbili za tofali. Mtandao unafika kule hoi. Simu nayo hapa nyumbani inashika kijiti kimoja, ukiinama kinaondoka.

Binti akasema atapita dukani kesho akitoka kazini. Nikamwambia akae. Nimetengeneza redio miaka thelathini na minane. Mawimbi nayajua tangu yeye hajazaliwa. Yeye azalishe, mimi ninunue mashine, kila mtu na kazi yake.

Mke wangu akacheka ndani ya kikombe. Akakumbusha habari za pasi niliyowahi kuitengeneza. Ile pasi ilikuwa na matatizo yake yenyewe, nimeshaeleza mara nyingi.

Mwisho binti akakubali, ila akaniandikia kikaratasi. Aina ya ruta. Antena mbili zinatosha. Na chini kabisa, kwa mstari: "Baba, usibadilishe kitu chochote ndani." Nikamwambia ana mwandiko wa daktari, ndiyo maana nachelewa kusoma. Mwandiko wake ni mzuri. Mimi niliishia darasa la tatu. Hilo halimhusu mtu.

Jumatatu, 3 Machi

Dukani saa tatu. Muuzaji ni dada mmoja mwenye miwani. Kaniamkia vizuri, nikaitikia vizuri, katandaza ruta sita juu ya kaunta. Nikazipima moja moja mkononi.

Akauliza natafuta nini hasa. Nikamwambia natafuta uzito. Redio nzuri ilikuwa nzito, transfoma ya shaba tupu, ukiibeba hadi nyumbani unajua umebeba kitu. Akasema, mzee wangu, za siku hizi transfoma yake iko nje, kwenye chaja. Nikamwambia aendelee tu.

Akanieleza mambo mawili. La kwanza, ruta hizi zina mawimbi ya aina mbili: moja lina kasi lakini linachoka likifika ukutani, jingine la polepole lakini linapenya. Hapo nikamkatisha. Nikamwambia mimi ndiye nitakayemweleza. Iwekwe katikati ya korido, juu, mbali na friji. Akavua miwani akanitazama. Akasema wateja wengi hilo hawalijui. Naliandika hapa ili libaki.

La pili, kila ruta ina programu ndani yake inayoiendesha, imewekwa kiwandani. Nichague ile ambayo kiwanda bado kinailetea marekebisho, maana ndiyo usalama wake, na nikifika nayo nyumbani niiache ilivyo. Wapo wanaoiondoa programu ya kiwandani na kuweka nyingine, programu huru, iliyoandikwa na mafundi wa kujitolea. Nzuri sana kwa anayejua anachofanya. Lakini nyumba yenye usaili Jumamosi, akasema, hiyo iache kabisa.

Hili la pili sikulisikiliza vizuri. Nilikuwa nahesabu antena.

Nimenunua ya antena sita. Kikaratasi kilisema mbili. Sita ni mara tatu ya mbili.

Nimeifunga mwenyewe. Saa kumi jioni taa zote za kijani. Binti akatembea na kompyuta mkononi hadi chumbani kwake, hadi jikoni, hadi nyuma kwenye kamba ya nguo. Haikukatika hata mara moja. Akampigia mwenzake wa kazini, wakaonana mpaka meno. Halafu akanigeukia akasema, "Baba, we kiboko." Tangu azaliwe nimelisikia hilo mara mbili, na leo ni ya pili.

Ile ruta ya zamani nimeifungua, nikachukua skrubu. Skrubu nzuri.

Jumanne, 4 Machi

Karani kaja.

Karani ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Mstaafu wa ofisini, alikuwa mtu wa mihuri. Anakunja mikono ya shati mara mbili, sawasawa, kama kapima kwa rula. Tunashindana tangu tulipojenga. Yeye akipaka rangi, nami napaka. Akaweka geti, nikaweka geti. Lake ni zuri, lakini langu lina mshale.

Eti kapita kusalimia tu, kasikia nina mashine mpya. Akaizunguka, mikono nyuma. Midomo ikawa inatikisika. Anahesabu antena. Yake ina nne.

Nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa: na ndani, Fundi, umeacha ya kiwandani?

Nikasema ndiyo.

Akasema, aa. Si mbaya. Wengi huacha.

Yeye aliiondoa mwaka jana. Kaweka programu huru. Anaona kila anayeingia kwenye mtandao wake, anaongeza nguvu ya antena akitaka, anapanga nani apate kasi na nani angoje. Ya kiwandani, akasema, ni suti ya dukani, unavaa kwa sababu ipo. Kisha akajishika kiunoni akasema lakini si kazi ya kukurupuka. Lazima ujue namba ya mashine na toleo lake, herufi kwa herufi, kama yalivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini. Mashine ya toleo moja ukiiwekea programu ya toleo jingine, umeiua. Akanyoosha mkono aigeuze ruta yangu asome.

Niliwahi. Nikamwambia bado ya moto.

Alipoondoka nikafanya ambalo fundi yeyote wa zama zangu angefanya. Zamani ukimwekea mteja kifaa kizuri ndani ya redio, unakwangua namba zake kwa wembe. Redio ikipelekwa kwa fundi mwingine, afungue, atazame, asijue umeweka nini. Ndio uliokuwa ulinzi wetu. Kuna redio nilizikwangua mpaka mwenyewe zikanishinda zilipoharibika tena. Basi nikaigeuza ruta, nikaikwangua ile karatasi yote, mpaka plastiki ikang'aa. Boksi nikalichoma nyuma ya nyumba, maana Karani ni mtu wa kuchungulia mapipa.

Sasa aige tuone.

Jumatano, 5 Machi

Suti ya dukani. Nimeamka nalo neno hilo. Nimekunywa nalo chai. Mimi, fundi wa miaka thelathini na minane, natembea na suti ya dukani, na mtu wa mihuri kashonewa!

Binti yuko zamu ya mchana. Kompyuta yake iko mezani. Nikaenda kwa mama mchapaji, mwenye kiduka cha kuchapa barua, anayejua habari zote za kompyuta. Nikamtajia jina la ruta, akatafuta, akaona. Programu huru yake ipo. Nikapumua. Akauliza ni toleo gani, maana yako matatu, na kila moja lina programu yake.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema nimekwangua. Lakini nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu wanne, na mmoja wao mwalimu. Nikasema la pili.

Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia mwanangu, kazi hizi sijaanza leo. Nimechagua la pili kwa sababu liko katikati. Kwenye redio ukiweka sindano katikati, stesheni moja utaipata tu.

Akasema kuna onyo hapa, Kiingereza, kwa maandishi mekundu, anisomee? Nikasema nitalisoma nyumbani. Nyumbani nililitazama. Ni kweli ni mekundu.

Programu alikuwa ameniwekea kwenye flashi, hatua na onyo kwenye karatasi. Nikachomeka waya kati ya ruta na kompyuta, nikafungua ukurasa wa ruta. Paswedi ilikuwemo tayari, binti aliihifadhi. Kompyuta ikaniuliza swali. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Nikabonyeza ndiyo kwa nguvu ili ielewe.

Mstari wa bluu ukaanza kujaa kutoka kushoto. Nilisimama wima nikiutazama. Ukafika mwisho. Taa zote zikazimika. Nikangoja. Ikawaka moja, nyekundu, ikabaki hivyo.

Nikachomoa, nikachomeka. Nyekundu. Nikabonyeza kile kitufe cha shimoni kwa sindano ya mke wangu, nikihesabu hadi thelathini, halafu hadi sitini. Nikaipiga kofi ubavuni, si kwa hasira, ni kitaalamu. Nyekundu.

Binti karudi saa kumi na mbili, miguu imevimba. Akauliza mbona mtandao haupo. Mdomo ukajibu kabla sijaupa ruhusa: kampuni ya mtandao inafanya matengenezo, mtaa mzima. Akauliza nani kasema. Nikasema nimewapigia mwenyewe.

Nimemdanganya mtoto hata viatu vya kazi hajavua. Haya, nimeandika. Kesho naitengeneza, na uongo utakuwa kama haujasemwa.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimeianika juani saa mbili. Redio iliyoingiwa na unyevu hufufuka. Hii haikuwa na unyevu. Mke wangu akauliza kwa nini mashine inaota jua. Nikasema inapumzika.

Nikaipeleka dukani. Dada mwenye miwani akanipokea kwa furaha, mzee wa mawimbi huyo, akaigeuza ruta, na furaha ikaishia hapo. Akapitisha kidole pale panapong'aa. Akauliza karatasi iko wapi. Nikasema imebanduka. Akatazama mikwaruzo ya wembe. Imebanduka yenyewe, akasema, kwa mistari?

Nikatazama bei za betri ukutani.

Kisha akanieleza taratibu, na ule upole ndio ulioniuma. Haijafa kabisa. Angeifufua kwa waya kwa nusu saa tu, kwa kuirudishia programu ya kiwandani, mradi ajue toleo lake. Akibahatisha, anaizika kabisa. Nilete boksi basi, namba iko pale pia. Nikamwambia boksi lilipata ajali ya moto. Akaiweka ruta juu ya kaunta. Bila karatasi wala boksi, dhamana nayo hakuna.

Akasema mzee wangu, chukua hii ndogo, tumalize. Akaniwekea mbele. Ilikuwa ile ile iliyoandikwa kwenye kikaratasi cha binti, ya antena mbili. Niliishika mkononi. Kisha nikaona nitakavyoingia nayo mlangoni: kila mtu ataona antena nne zimepungua, na itabidi nieleze zilikokwenda. Nikairudisha juu ya kaunta. Nikasema nitafikiri.

Jioni binti akaniambia kampuni wamepokea simu yake. Hawana matengenezo yoyote mtaa huu, laini yetu ni nzima. Nikamwambia wanaokaa kwenye simu hawajui ya wanaopanda nguzo. Akatikisa kichwa akakubali. Yeye huheshimu neno la fundi. Nani kamfundisha kuheshimu neno la fundi? Ni mimi.

Akasema basi, ili kuwa na uhakika, matroni amempa ofisi yake pale hospitali, ina mtandao mzuri. Ila ufunguo lazima auchukue kesho kabla ya saa nane mchana, Jumamosi matroni hayupo. Auchukue?

Nikasema asisumbue watu. Mtandao utakuwa umerudi.

Sikujua kwamba nitasema hivyo mpaka nilipokwisha kusema.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu kanishika. Alikuwa anafagia chini ya meza yangu ya kazi, akaokota vipande vipande vya ile karatasi. Vipande viwili vina namba bado. Nikaviangalia kwa kioo cha kukuzia mpaka jicho likatoa machozi. Herufi ya toleo haimo.

Akaniuliza hii nini. Nikamweleza yote, maana kwa mke wangu uongo haufiki mbali, ananitazama tu mpaka unaisha. Akauliza binti anajua? Nikashika tena kioo cha kukuzia. Akatazama saa. Saa saba na robo. Akasema ufunguo wa ofisi ni hadi saa nane. Mpigie sasa hivi.

Nikashika simu. Nikafikiria nitaanzaje. Nikafikiria pa kuanzia mpaka ikawa saa nane na dakika kumi.

Mke wangu aliichukua simu mkononi mwangu akaenda nayo jikoni, nikamsikia akipiga, na nikamsikia akisema, aa, ameshaondoka matroni? Haya, mwanangu, hakuna neno, nilikuwa nakusalimia.

Sasa tumekuwa waongo wawili, na mmoja wetu hakuwa hivyo asubuhi.

Jioni nikasimama mlangoni kwa binti nimwambie. Blauzi nyeupe imepigwa pasi, imetundikwa. Yeye anajibu maswali mbele ya kabati. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu, akikosea anaomba radhi kwa kabati na kuanza upya. Aliponiona akauliza, Baba, kweli kesho mtandao utarudi?

Nikasema saa moja asubuhi. Na saa nikampa.

Jumamosi, 8 Machi

Saa moja asubuhi mtandao haukurudi. Nilikuwa kwa Karani.

Alikuwa na singlendi, anafagia mbele ya geti lake. Nilikusudia kumwambia mashine yangu iko kwenye majaribio. Nikamwambia hivyo. Akaegemea fagio. Akasema, "Umebadilisha ya ndani."

Nikatazama geti lake. Ni zuri kuliko langu, mshale au bila mshale.

Akauliza ilikuwa toleo gani. Nikasema sijui, nilikwangua karatasi. Akauliza kwa nini. Nikasema ili wewe usiisome.

Nilishajiandaa kwa kicheko. Nilikuwa hata na jibu la kukijibu. Hakucheka. Akauliza usaili ni saa ngapi, nikasema nne, akatupa fagio chini akaingia ndani kumwambia mkewe watoe makochi.

Nikamfuata binti. Kutoka mlango wetu hadi mlango wa Karani ni hatua ishirini, na ndani ya hatua hizo nikapata nafasi ya kusema uongo mwingine: kampuni wameanza na upande wa Karani. Binti akanishukuru kwa kumpitia jirani mapema.

Karani kavaa shati, mikono kaikunja mara mbili. Katundika shuka jeupe ukutani ili wakubwa wasione kalenda. Kuku kamfungia bafuni. Nilipotaka kusogeza meza karibu na soketi, akanidaka mkono. Akaninong'oneza nisiiguse ile ruta, nisiipumulie hata. Hajaizima tangu mwaka jana. Aliyeweka programu ni mpwa wake, na mpwa kahama na paswedi kichwani. Yeye mwenyewe hajui hata inavyofunguliwa. Umeme ukikatika, husimama mbele yake mpaka urudi.

Kwa hiyo suti kashonewa, na mshonaji hayupo. Siku nyingine ningerukaruka kwa furaha. Leo tulisimama tu pale sisi wazee wawili, tunaitazama taa ya kijani, hatupumui sana.

Saa nne wakatufukuza nje. Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, chini ya dirisha. Karani akakaa kwenye ngazi. Nilisikia kila kitu. Sauti ya binti yangu ikijibu wakubwa watano ni sauti nyingine kabisa, haina haraka. Mtandao ulishikwa kigugumizi mara moja, Karani akafumba macho, ukaendelea.

Kisha mmoja wa wale wakubwa, mwanamke, akamuuliza: ukikosea kwa mgonjwa, na hakuna aliyeona, utafanya nini?

Akasema nitasema dakika ile ile. Kwa daktari kwanza, kisha kwa mgonjwa mwenyewe. Akasema, kosa likitajwa mapema kuna la kufanya. Nikilificha siku tatu, tayari nimemnyima mtu siku tatu za kutibiwa.

Alitaja siku tatu kwa bahati tu. Hakujua. Mimi nilihesabu kwa vidole. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nikatazama ardhi. Karani akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Alitoka saa tano kasoro, anajifuta jasho, anacheka. Nikamwambia pale pale, nimesimama kando ya ndoo, mbele ya Karani. Karatasi, boksi, toleo la pili, kampuni, nguzo, ufunguo. Sikuruka hata kimoja. Alinisikiliza kama wanavyosikiliza wagonjwa, bila kunikatisha. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo, kuanzia macho.

Nilipomaliza akasema, "Matroni alinipa ofisi, Baba."

Hilo tu. Akarudi ndani kumsaidia mke wa Karani kurudisha makochi.

Jumapili, 9 Machi

Kaniamkia asubuhi, shikamoo Baba, akapita zake. Adhuhuri karudi na ile ruta ya antena mbili. Kaifunga mwenyewe, katikati ya korido, juu, mbali na friji. Dakika kumi. Taa za kijani. Programu ya kiwandani, kama ilivyotoka kwao.

Nilikaa kwenye kiti changu nikashika gazeti. Hakuna aliyenipa hata waya nishike.

Mke wangu kasema nisimsumbue, atapoa. Nikamuuliza lini. Akasema wewe ulimngojesha siku tatu, na wewe ngoja.

Alhamisi, 13 Machi

Simu imepigwa saa nne asubuhi. Amepata. Msimamizi wa wodi, kuanzia mwezi ujao.

Alimwambia mama yake jikoni, nikasikia sufuria ikianguka. Kisha akatoka nje akamwambia Karani juu ya ukuta, na Karani akapiga makofi kama mtu aliyetajwa redioni. Kisha akaja kwangu. Nimekuwa wa tatu, nyuma ya jirani, katika nyumba niliyoijenga mimi. Nimelipokea. Halina wa kulalamikiwa.

Akasimama mbele yangu, machozi yanamlengalenga. Nikataka kusema jambo kubwa, nikasema hongera mama. Akanipa mkoba wake nimshikie wakati anavaa viatu. Ni mkoba tu. Nimeushika kwa mikono miwili.

Nimeapa moyoni, na sasa naapa kwa maandishi: sitagusa mashine ya mtu. Sitashauri mtu. Akitokea wa kuniuliza, nitasema sijui.

Jumapili, 16 Machi

Wageni wamejaa kumpongeza binti. Nimekaa karibu na mlango, kimya, saa nzima. Mke wangu amepita mara mbili kunipapasa paji la uso kama nina homa.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mchomeleaji wa mageti, alikuwa anaongea na Karani. Anataka kuweka mtandao karakana kwake, wateja wamtumie michoro. Ameambiwa anunue ruta ya kawaida tu. Karani akasema ndiyo, ya kawaida inatosha. Karani siku hizi ni mnyenyekevu, hata mikono ya shati kaikunja mara moja.

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nikasema tu, inategemea.

Shemeji akageuka. Inategemea nini, Fundi?

Nikamwambia karakana yake ina mabati kila upande, na mawimbi hayapendi bati. Hilo ni kweli kabisa, hata dada wa duka angelikubali. Nikamwambia aiweke juu, mbali na mashine ya kuchomelea. Nalo ni kweli. Wote wakawa wananisikiliza. Mtu mmoja akasogeza kiti. Hapo ndipo pa kunyamaza, na nilipaona pakinipita.

Shemeji akauliza: na ile programu ya ndani, niiache ya kiwandani?

Binti akatokea jikoni na sinia la vikombe. Akasimama mlangoni, ananitazama. Uso ukanishika moto mpaka masikioni. Sikuwa na pa kuweka macho, nikayaweka kwenye vikombe.

Nikashusha sauti. Nikamwambia shemeji ya kiwandani ni kwa watu wa kawaida. Kesho saa tatu nakwenda naye dukani. Si duka lile. Kuna jingine.